Hofu Niliyoiita Wivu

Haya nayaandika kwa watu wawili: aliyerudi kutoka vitani na hajielewi, na yule anayelala naye kitanda kimoja. Huyu wa pili husahaulika mno. Nilipoanza kutafuta msaada nilikuta maelezo tele kuhusu askari, lakini kwa mke au mume wake palikuwa na sentensi mbili tatu za kumtaka avumilie. Mke wangu alivumilia sana. Leo naamini uvumilivu ule, kwa jinsi tulivyouendesha sisi wawili, ndio ulioulisha ugonjwa wangu na hatimaye kuimaliza ndoa yetu. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba jambo kama hilo linawezekana.

Jeshini nilikuwa mtu wa redio. Kazi yangu ilikuwa kukaa na hedifoni masikioni, kupokea na kupeleka taarifa kati ya kituo na magari yaliyokuwa doria. Sikuwa nikitembea na bunduki vichakani kama wenzangu, na kwa muda mrefu hilo lilinifanya nione sina haki ya kuumwa. Asubuhi moja gari la doria lilikuwa njiani kurudi. Sajini aliyekuwa ndani yake aliniuliza kama barabara ya mkato imeshakaguliwa. Nikamjibu nilivyoelezwa: imekaguliwa. Akasema amepokea. Baada ya muda mfupi nikamwita, kimya. Nikamwita tena. Nikaendelea kuita kwa utaratibu tuliofundishwa, jina la kituo, jina la gari, nasubiri, narudia, mpaka afande mmoja aliposimama nyuma yangu na kunivua hedifoni kwa mikono yake. Bomu lilikuwa limetegwa chini ya kalavati. Hakuna aliyetoka hai.

Hayo yanatosha kuelewa yaliyofuata.

Wiki za mwanzo baada ya tukio kama lile, karibu kila mtu hulala vibaya, hushtuka ovyo, hukosa hamu ya kula. Huo bado si ugonjwa. Wataalamu husubiri mpaka dalili zipite mwezi mmoja ndipo watamke ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Hutazama kama tukio linajirudia lenyewe, kwa ndoto au kwa kumbukumbu zinazokuvamia mchana. Kama unakwepa kila kinacholikumbusha. Kama umeanza kujilaumu na kufa ganzi mbele ya watu uliowapenda. Na kama mwili wako umekataa kupumzika, uko macho hata penye usalama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu hupitia angalau tukio moja la kutisha maishani, na kati yao ni kama asilimia 5.6 tu wanaopata ugonjwa huu. Kwa waliopitia vita kiwango ni cha juu zaidi, lakini hata huko walio wengi hawaupati. Hili nalitaja makusudi. Wenzangu kadhaa waliozikusanya maiti siku ile wanalala fofofo hadi leo, na nilipowaangalia nilijihesabu kuwa mtu dhaifu. Kuugua hakupimwi kwa ushujaa, wala mwenzako kutougua si ushahidi kwamba wewe unajidekeza.

Mimi nilimaliza muda wangu vizuri, nikarudi nyumbani, nikapokewa kwa furaha. Mke wangu alikuwa mtu wa sauti. Alicheka kwa nguvu, aliimba akifanya kazi, na milango aliifunga kwa kisigino kwa sababu mikono yake daima ilikuwa na kitu: beseni, mtoto, mfuko. Nilimpenda kwa kelele zile. Nilipokuwa mbali nilizisikia kwenye simu nyuma ya maneno yake, nikapata nguvu za siku iliyofuata.

Siku ya kwanza ilikuja hivi. Alitoka kidogo, akasema hatakawia. Nikampigia kumwuliza jambo dogo, sasa silikumbuki. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Viganja vikaanza kutoka jasho, masikio yakaziba, nikasikia ule mkwaruzo wa redio isiyokuwa na mtu upande wa pili. Nikajikuta nimesimama katikati ya sebule naita jina lake kwa sauti, kwa utulivu, kwa mpangilio, nasubiri, narudia. Aliporudi, simu ilikuwa chini ya mkoba, hakuisikia. Alinikuta mlangoni natetemeka. Na swali lililonitoka mdomoni lilikuwa: "Ulikuwa na nani?"

Alicheka kwanza, akadhani natania. Kisha akauona uso wangu.

Hapo ndipo kila kitu kilipochukua njia isiyo yake. Yeye alielewa kwamba mume wake ana wivu, na mimi nikaacha aelewe hivyo. Wivu watu wanaujua. Mwanamume mwenye wivu hutaniwa, hukaripiwa, wengine hata humsifu kwamba anapenda. Mwanamume anayetetemeka kwa sababu mkewe hakupokea simu kwa dakika chache, huyo hana pa kuwekwa. Nikavaa wivu, na nikauvaa kwa muda mrefu kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kuuamini. Nilisoma ujumbe wake. Niliuliza majina ya wafanyakazi wenzake. Kama kuna mwanamke anasoma hapa na mumewe amerudi kutoka vitani akiwa na wivu ambao hakuwa nao alipoondoka, namwomba ajiulize pia kama mtu huyo anachunga ndoa au anahesabu walio hai.

Mke wangu, kwa mapenzi yake, akaanza kunisaidia. Akitoka ananitumia ujumbe, akifika ananitumia ujumbe, akianza kurudi ananitumia ujumbe. Simu aliingia nayo bafuni, akaiweka juu ya rafu ili akisikia mlio aufungue mlango na kujibu akiwa na povu masikioni. Kazini alionywa na msimamizi wake kwa kutoka mikutanoni kupokea simu. Aliacha kumtembelea dada yake kwa sababu kule mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Na nyumbani, kwa kuwa nilishtuka kila mlango ulipobamizwa, alijifunza kukandamiza kitasa chini, kusogeza mlango polepole, kisha kukiachia kitasa taratibu mpaka kirudi bila kutoa sauti. Mtoto wetu alifundishwa vivyo hivyo. Kuimba kuliisha bila mtu yeyote kutangaza.

Kila alipopokea simu haraka nilipata nafuu. Nafuu ile ilidumu kidogo, kisha hofu ikarudi ikidai apokee haraka zaidi. Baadaye mwanasaikolojia alinieleza kwamba jambo hili linajulikana sana kwa wanaotibu familia za askari: watu wa nyumbani hujipanga kulingana na hofu ya mgonjwa, wanafanya hivyo kwa upendo, na matokeo yake hofu haipati hata siku moja nafasi ya kuonekana kwamba ilikuwa ya uongo. Simu isipopokelewa na mtu akarudi salama, ubongo hujifunza kitu. Simu ikipokelewa kila mara, ubongo hujifunza kwamba amepona kwa sababu alipokea.

Kwa hiyo kwako wewe mwenza: kumsaidia mgonjwa si sawa na kuisaidia hofu yake. Simaanishi uanze kesho kubamiza milango na kuzima simu. Hilo litamwumiza na litawagombanisha. Kaeni pamoja wakati ametulia, mchague jambo moja dogo, mkubaliane kulipunguza kidogo kidogo, na ikiwezekana mfanye hivyo mkiwa na mtaalamu. Na usiache maisha yako. Dada yake mke wangu alikuwa mtu pekee ambaye angemwona na kusema, "Wewe, mbona umenyamaza hivi?" Tulimkata huyo mapema kabisa.

Kuhusu usiku nina jambo moja la haraka. Mtu anayepambana ndotoni asitikiswe wala asiinamiwe. Simama miguuni pa kitanda, washa taa, mwite kwa jina lake, mwambie yuko nyumbani. Mke wangu alilijua hilo baada ya mimi kumkaba mkono nikiwa usingizini, akavaa mikono mirefu kwa siku kadhaa. Niliona aibu mbaya. Lakini kama mtu wako anakupiga akiwa macho, hiyo ni habari nyingine, na usalama wako hausubiri matibabu yake yaanze.

Pombe iliingia kwa mlango wa usingizi. Ukweli ni kwamba ilinipa usingizi, ndiyo maana ilininasa. Kilevi hukulaza upesi halafu huvuruga usingizi sehemu ya pili ya usiku, na ndoto zilizozuiwa mwanzoni hurudi zikiwa kali. Nilikuwa naamka usiku wa manane nimelowa jasho, naongeza kidogo ili nirudi kulala. Akiba yetu ilipungua hivyo, na kazi niliyoipata baada ya jeshi ikaisha hivyo. Baadaye nikaanza kununua diazepamu bila kuandikiwa na daktari. Dawa za jamii hiyo hutuliza, lakini mwili huzizoea upesi, na ukizichanganya na pombe zinaweza kukuzuia kupumua. Ugonjwa wenyewe haziugusi. Shirika la Afya Duniani halishauri hata kuwapa watu wazima dawa hizo kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio.

Familia zilipokaa kikao, walizungumzia wivu. Wangezungumzia nini kingine? Mama mkwe alinigeukia akaniuliza kwa upole, "Baba, mwanangu amekukosea nini?" Nikamjibu, "Hajanikosea, mama. Ni mimi tu." Alingoja niendelee. Wote walingoja. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba watu walikufa nikiwa nawaita, na haikutoka. Wakanishauri nimwamini mke wangu. Ushauri ulikuwa mzuri kwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Aliondoka mchana, mbele yangu, bila ugomvi. "Si kwa sababu unaumwa," aliniambia. "Ungesema unaumwa ningekuuguza. Nimechoka kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yangu, na sijui nakosea nini." Kisha akasema jambo ambalo limekaa nami kuliko yote: "Juzi nilicheka kazini, nikashtuka. Nilidhani ni mtu mwingine amecheka."

Kipindi kilichofuata nitakipita haraka, maana hakina mafunzo mengi ila moja. Nilifika mahali pa kutaka kufa, na si kwa maneno, nilikuwa nimeshaandaa. Kilichoniokoa ni rafiki niliyetumikia naye, aliyestaafu kabla yangu, ambaye alinipigia akasikia sauti yangu na hakuridhika. Alikuja. Akaniuliza, "Afande, unalala?" Nikamwambia nalala. Akasema, "Nauliza usingizi, sio kitanda." Alikaa nami, akazitoa dawa zangu zote ndani ya nyumba, na asubuhi akanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Ukifika mahali hapo, mwambie mtu siku hiyo hiyo, kwa maneno ya wazi: "Nafikiria kujiua." Usitafute namna ya kulipamba. Na wewe unayeambiwa, uliza kama ana kitu alichokiandaa, kiondoe, na usimwache peke yake. Kumwuliza mtu kuhusu kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Daktari wa kwanza niliyemwona alisikiliza kidogo akaniandikia dawa ya usingizi na kuniambia niombe na nipumzike. Nataja hili ili ujue kwamba kupata mtu asiyekuelewa mara ya kwanza ni jambo la kawaida, na si sababu ya kuacha. Wa pili alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Nilimwambia moja kwa moja: nadhani mimi ni mwoga. Hakunibembeleza. Alinisimulia kwamba mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Charles Myers aliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu, kuona au kunusa baada ya milipuko ya mabomu, bila jeraha la kutosha kueleza hali yao. Katika vita hiyohiyo Uingereza iliwapiga risasi askari wake kwa kutoroka, kwa uoga na makosa ya namna hiyo, na inaaminika baadhi yao walikuwa wagonjwa. Mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo ilitoa msamaha kwa 306 kati yao. Ugonjwa wenyewe uliingizwa kwenye orodha rasmi ya magonjwa inayotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliotoka Vietnam na waliowatibu kupigania utambuliwe. "Kwa hiyo unaniuliza kama wewe ni mwoga," aliniambia. "Swali hilo limeshagharimu watu wengi. Tuzungumze kuhusu usingizi wako."

Alinianzishia sertralini, mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa ugonjwa huu pamoja na paroksetini. Hazifanyi kazi kesho yake. Zinahitaji wiki kadhaa, na siku za mwanzo nilikuwa na kichefuchefu na wasiwasi zaidi. Jambo ambalo wengi huona haya kulisema: zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kulichelewesha mno. Kwangu ilitokea. Kama una mwenza, mwambie kabla, la sivyo atadhani humtaki, na atakuwa na haki ya kudhani hivyo kama mambo mengine yote yamefichwa. Pia usiziache ghafla. Rudi kwa daktari, dozi ibadilishwe au dawa ibadilishwe.

Lakini kilichonibadilisha mimi kilikuwa tiba ya mazungumzo, na si mazungumzo ya kawaida ya kuliwazana. Kuna njia kadhaa zilizochunguzwa vizuri. Ipo ya mwanasaikolojia Patricia Resick, ambayo kwa kawaida huenda vikao 12 na hushughulika na imani ulizotoka nazo kwenye tukio, hasa lawama. Ipo ya mwanasaikolojia mwingine, Francine Shapiro, ambayo mgonjwa hushika kumbukumbu akilini huku macho yake yakifuata mwendo wa mkono wa mtaalamu. Niliyopewa mimi ni ile iliyokuzwa na Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambayo humrudisha mtu kwenye kumbukumbu anayoikwepa mpaka ipoteze ukali. Kama unakwenda kuomba msaada, uliza: "Mnatoa tiba maalumu ya kiwewe, au ushauri wa jumla?" Swali hilo moja lingeniokolea muda mrefu.

Inavyofanyika ni hivi. Nilifumba macho nikaisimulia asubuhi ile kana kwamba inatokea sasa: niko kwenye kiti, naisikia sauti ya sajini, naona kikombe changu cha chai kando ya redio. Nikimaliza, narudia. Kikao kinarekodiwa, na nyumbani nasikiliza sauti yangu mwenyewe kila siku. Wiki za kwanza nilizidiwa. Ndoto ziliongezeka, nilimchukia mwanasaikolojia, nilitafuta visingizio vya kutokwenda. Wengi huacha hapo. Naomba mtu akuambie mapema, na basi mimi nakuambia: kuzidiwa mwanzoni hakumaanishi tiba imeshindwa. Mwambie mtaalamu wako kwamba umezidiwa, apunguze mwendo, lakini usitoweke.

Katika kurudia ndipo nilipokisikia kitu ambacho kilikuwepo muda wote. Barabara ilikuwa imekaguliwa kweli. Niliyoyapokea niliyatoa kama yalivyo. Kwa miaka nilikuwa nimebadilisha kumbukumbu, nikajiweka ndani yake kama mtu aliyeidhinisha njia, kumbe nilikuwa mtu aliyefikisha taarifa. Sisemi sina uchungu. Daktari Jonathan Shay, aliyewatibu wanajeshi waliopigana Vietnam, aliandika miaka ya 1990 kuhusu jeraha la dhamiri, maumivu ya mtu aliyeona haki ikisalitiwa pale ambapo maisha yalikuwa hatarini, na wengine baadaye wamelipanua hadi kwa maumivu ya jambo ulilolitenda au ulilolishuhudia. Hilo haliondoki kwa kukariri kwamba huna kosa. Nilimwandikia sajini barua, nikaisoma kwa sauti mbele ya mwanasaikolojia. Baadaye nilikwenda kumwona mama yake, nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza na mwanawe mara ya mwisho, na kwamba sauti yake ilikuwa shwari. Alitaka nilirudie hilo la sauti.

Sehemu ya pili ya tiba ilikuwa simu. Tuliandika orodha ya mambo ninayoyakwepa, kuanzia rahisi hadi gumu. Kuacha simu chumba kingine. Kumpigia rafiki, asipopokea nisirudie mpaka atakaponitafuta. Kumruhusu mtoto wangu atoke bila kunitaarifu kila hatua. Zoezi unakaa nalo mpaka wasiwasi ushuke wenyewe. Ukikimbia katikati umeulisha tena. Nakumbuka nimekaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, simu iko jikoni, mwili mzima unaniambia kuna mtu anakufa. Hakufa mtu. Nikafanya tena kesho yake.

Kwa ndoto, nilifundishwa kuiandika ndoto ile mchana, kuibadilisha mwisho wake ninavyotaka, na kuipitia akilini kila siku kabla ya kulala. Nilitilia shaka. Kwangu ilisaidia.

Sasa niseme kuhusu mapenzi, maana wengi wanaoniuliza huuliza hili.

Nilianza matibabu ili mke wangu arudi. Nilimwambia hivyo mwanasaikolojia, naye akaniuliza, "Akikataa, utaendelea kuja?" Sikuwa na jibu. Nilipojisikia nimepata nafuu nilimwomba mke wangu tuonane, nikamweleza kwa mara ya kwanza habari ya redio, ya kuita, ya kimya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe mimi ulikuwa ukiniita kama wale." Kisha akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia nilidhani namkinga. Akatikisa kichwa. "Hukunikinga. Uliniacha nje." Alilia, nami nililia, na nilipomwuliza kama tunaweza kuanza upya alisema hapana. Hakusema kwa hasira. Alisema moyo wake ulishatoka mapema kuliko miguu yake.

Wiki ile nilitaka kuacha kila kitu. Nilikwenda kikaoni ili kumwambia mwanasaikolojia kwamba nimemaliza, tukatumia saa nzima kuzungumza, na mwisho wake akaniuliza kama aniandikie miadi inayofuata. Nikasema aniandikie. Sikuwa na sababu nzuri zaidi ya kwamba nilikuwa nimechoka kuogopa, awepo mke au asiwepo.

Kilichonichanganya kwa muda mrefu ni kutojua huzuni ipi ni ipi. Nikimkumbuka nikakosa usingizi, nilidhani ugonjwa umerudi, nikaanza kukwepa tena. Polepole nilijifunza kuzitofautisha. Kumbukumbu ya kiwewe huja kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Mwili unajiandaa, moyo unakimbia. Huzuni ya mapenzi inajua kwamba mambo yamepita. Inauma, inakuliza, lakini haikukimbizi. Ya kwanza inahitaji mtaalamu na mazoezi. Ya pili haina dawa wala haihitaji dawa; inahitaji muda, watu, na ruhusa ya kumtaja. Mimi humtaja. Tunalea mtoto pamoja na tunazungumza kwa heshima. Ameolewa tena, na mtoto ananiambia kule mama anaimba. Mara ya kwanza kulisikia hilo niliumia sana. Sasa nafurahi kwa ajili yake, na bado naumia, vyote viwili.

Kama wewe mwenza wako bado yupo, usisubiri upone kwanza ndipo umwambie. Si lazima umsimulie yaliyotokea. Mwambie kinachotokea sasa. "Usipopokea simu mwili wangu unaamini umekufa." Hiyo inatosha kuanzia. Na ipo tiba iliyotengenezwa na mwanasaikolojia Candice Monson na wenzake ambayo wote wawili huhudhuria, inashughulikia ugonjwa na uhusiano kwa pamoja. Mahali ambapo haipatikani, omba angalau kikao kimoja ambacho mwenza wako ataingia nawe, aelezwe na mtaalamu kinachoendelea na aulize maswali yake bila wewe kumjibia.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni mtu mmoja tu kati ya wanne wenye ugonjwa huu anayeripoti kutafuta matibabu. Sababu mojawapo ni aibu, nyingine ni uhaba wa wataalamu. Ukiwasiliana na kliniki ukaambiwa nafasi iko mbali, ichukue hiyohiyo, kisha omba jina lako liwekwe pamoja na wanaoitwa mtu mwingine akikosa kufika. Waeleze unaweza kuja kwa taarifa ya siku moja. Mimi nafasi yangu ya kwanza ya tiba ya mazungumzo niliipata kwa njia hiyo.